Intaneti inakufa kila jioni na WhatsApp imeibwa: je, ruta imedukuliwa?

Swali: "Habari za kazi. Naishi Nzuguni hapa Dodoma, na nyumbani tunatumia ruta ya laini ya simu, ile ya 4G. Asubuhi inakwenda vizuri, lakini ikifika saa moja jioni inakuwa kama imekufa mpaka saa tano hivi. Paswedi ya Wi-Fi nilimpa mpangaji wangu wa uani, na nahisi kaigawa kwa wenzake. Wiki iliyopita nikapigiwa simu na kijana, akanitaja majina yangu yote, akasema anatoka kampuni ya simu na kwamba ruta yangu imeingiliwa na wadukuzi, ndiyo maana intaneti ni nzito. Akasema ananitumia namba sita za kuisafisha, nimsomee. Nikamsomea. Haikupita muda WhatsApp yangu ikatoka, na ndugu zangu wakaanza kuombwa hela kwa jina langu. Shemeji yangu wa Kondoa katuma laki moja na nusu. Sasa fundi mmoja wa mjini ananiambia ninunue ruta mpya, halafu nimlipe elfu themanini aondoe wadukuzi nyumba nzima. Nimlipe? Na yule kijana alijuaje majina yangu, na alijuaje kwamba intaneti yangu ni nzito?"

Pole sana, mama. Usimlipe fundi, angalau si kwa kazi hiyo. Una matatizo mawili ambayo hayajuani. Yamekupata wiki moja tu, na yule kijana akatumia la kwanza kukuingiza kwenye la pili. Intaneti kuwa nzito jioni ni habari ya mnara, kama nitakavyoeleza. WhatsApp kuibwa ni habari ya zile namba sita ulizomsomea. Ruta haikuhusika na wizi huo hata kidogo. Hata ungekuwa na ruta ya milioni mbili, angekuibia vilevile.

Nianze na WhatsApp kwa sababu hiyo haingoji. Kama hujairudisha, ifungue kwenye simu yenye laini yako, andika namba yako, omba namba za uthibitisho kwa SMS, kisha uziingize. Ukishaziingiza tu, yeye anatolewa. Inawezekana baada ya hapo ikakuomba PIN ambayo wewe hukuiweka. Hiyo kaiweka yeye ili akucheleweshe. Usihangaike kuibuni: utasubiri siku 7, baada ya hapo utaruhusiwa kuingia bila PIN hiyo, na katika siku hizo yeye naye atakuwa ameshatoka. Ukiingia, nenda kwenye mipangilio, tazama vifaa vilivyounganishwa, ondoa chochote usichokijua. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako mwenyewe na barua pepe unayoweza kuifungua.

Piga pia ##002#. Hii inafuta maelekezo yoyote ya kuhamishia simu zako kwenye namba nyingine. Nakwambia hivyo kwa sababu namba za uthibitisho zinaweza kuja kwa simu ya sauti badala ya SMS, na baadhi ya matapeli humwambia mtu abonyeze kitu kinachoanza na *21* au **21* kikifuatiwa na namba ya simu. Ukibonyeza, simu zako zote zinaanza kuita kwao. Hukusema kama alikwambia ubonyeze chochote, lakini kufuta hakugharimu kitu.

Jambo moja likutulize. Meseji zako za zamani hazikwenda naye, kwa kuwa zinakaa ndani ya simu yako na kwenye nakala yako ya akiba, si kwenye namba. Alichokipata ni makundi uliyomo na meseji zilizoingia wakati akiwa ameshika akaunti. Kwa hiyo wapigie simu ya kawaida viongozi wa vikundi vyako, cha vikoba, cha ukoo, cha kanisani au msikitini, wawatangazie wenzao. Mtu akisikia sauti yako anaamini. Akisoma meseji nyingine kutoka namba ileile, ana haki ya kuitilia shaka.

Sasa swali lako la majina, na hapa ndipo watu wengi huingia mkenge. Chukua simu yako, anza kumtumia hela mtu yeyote kwa namba yake, weka kiasi chochote. Kabla hujathibitisha, skrini inakuletea jina la mwenye namba. Umeliona? Sasa katisha, usikamilishe muamala. Na yule kijana alifanya hivyohivyo. Utaratibu huo umewekwa kwa nia njema, usije ukamtumia mtu asiyehusika, lakini tapeli anaugeuza kuwa kitambulisho. Mtu kukutaja majina yako yote hakuthibitishi kitu. Kampuni za simu nchini huwapigia wateja kwa namba 100, si kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, na hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote mwenye kazi inayomlazimu asomewe namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako.

Na kuhusu uzito wa intaneti, hakujua. Alibahatisha. Ukimpigia mtu yeyote mjini saa mbili usiku ukamwambia intaneti yake siku hizi ni nzito, wengi watakujibu, "Kweli bwana, umejuaje?" Hapo mlango umeshafunguka.

Hela ya shemeji: aliyetuma ndiye anayepaswa kupiga 100, kwa laini ileile aliyotumia. Muamala ukiripotiwa mapema, hela ikiwa haijatolewa, kuna uwezekano wa kuizuia. Wiki imeshapita, kwa hiyo sitakudanganya: huenda imeshatolewa. Hata hivyo aende kituo cha polisi apate namba ya RB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na laini iliyopokea hela imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu fulani. Mtu huyo si lazima awe ndiye mwizi, maana kuna watu wamesajiliwa laini kwa vitambulisho vyao bila wao kujua. Ndiyo sababu nakuomba wewe mwenyewe upige *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika ikafungwe. Meseji za kitapeli zisambaze kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma. Watu wengi huzifuta kwa hasira, na namba inaendelea kupiga kazi.

Tuje kwenye ruta.

Ruta yako haina intaneti ndani yake. Inachukua mawimbi kutoka mnarani, inayageuza kuwa Wi-Fi. Kwa hiyo kuna safari mbili: mnara hadi ruta, na ruta hadi simu yako. Watu huzichanganya kwa sababu alama ya Wi-Fi kwenye simu inaonyesha safari ya pili tu. Unaweza kuwa na Wi-Fi iliyojaa vijiti vyote na intaneti ikawa hakuna.

Mnara ni kama bomba la mtaa: maji yaliyopo ni yaleyale, wenye ndoo ndio wanaoongezeka. Chaneli moja pana ya 4G, ile ya megahazi 20, kinadharia hubeba kama megabiti 150 kwa sekunde kwa ruta na simu za kawaida, na uwanjani hupungua sana. Video safi ya YouTube, ile ya 1080, inataka kama megabiti 5. Nyumba 40 zikifungua video hizo kwa pamoja zinahitaji megabiti 200. Hapo mnara haujaharibika wala hujadukuliwa, umezidiwa. Na Nzuguni ya leo unaijua mwenyewe. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba zimeota kila upande, soko la Job Ndugai lipo, stendi kuu ya mabasi ipo hapo Nanenane, na ikifika Agosti wanaongezeka wageni wa maonesho. Wote hao wanashika minara ya eneo hilohilo. Saa moja jioni watu wamerudi kazini, watoto wametoka shule, televisheni zimewashwa. Saa tano wanalala, na wewe unasema saa tano inapona. Mdukuzi hana ratiba ya namna hiyo.

Lakini usiniamini kwa maneno. Pima. Asubuhi, watoto wakiwa hawatumii, kaa mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi kwa programu yoyote ya kupimia (inakula bando kidogo, usirudie mara kumi). Kisha fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia kwa paswedi ya msimamizi, ambayo si ile ya Wi-Fi. Tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa. Humo utakuta vifupisho viwili vya ajabu: RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani, na SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo yakilinganishwa na kelele. Andika namba zake kwenye daftari pamoja na kasi. Rudia saa mbili usiku, ruta ikiwa palepale.

RSRP huandikwa kwa alama ya kutoa, na iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. Ukipata -80, umekaa pazuri mno. -95 inatosha. Ikipita -110, ruta yako inasikiliza kwa shida. Tofauti zinaonekana ndogo lakini si ndogo: kutoka -85 hadi -105 nguvu imepungua mara 100. SINR ikiwa juu ya 20 ni safi sana, ikiwa chini ya 0 kelele imezidi sauti.

Sasa soma daftari lako. Tuseme asubuhi RSRP ni -88 na usiku ni -89, lakini kasi imeshuka kutoka megabiti 25 hadi 1. Mawimbi yanafika vilevile, foleni ndiyo imekua. Ruta mpya ya 4G kwenye mnara huohuo, laini hiyohiyo, itakupa megabiti 1 ya ruta mpya. Usishangae SINR nayo ikishuka jioni, kwa kuwa minara jirani inakuwa inawahudumia wateja wake kwa nguvu na kelele inaongezeka. Lakini ukikuta RSRP ni -112 asubuhi na usiku, hapo kuna kazi ya kufanya nyumbani kwako. Ruta iko wapi? Nikikisia, iko sebuleni nyuma ya televisheni, chini, pembeni ya friji. Ipandishe juu, kwenye dirisha la upande ulipo mnara, mbali na mlango wa chuma. Nyumba ya bati yenye nondo madirishani na ukuta mnene inakula mawimbi mengi, na ukiwa upande wa pili wa kilima cha mawe hali inazidi. Angalia tu isipigwe na jua la mchana: ruta ikichemka hujipunguza kasi au kujizima, na vumbi la Dodoma likiziba matundu yake inachemka haraka zaidi.

Kuna hali ya tatu. Intaneti ikiwa nzito kutwa nzima, na hasa kuelekea mwisho wa mwezi, soma masharti ya kifurushi chako. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo hupunguza kasi ukivuka kiasi fulani cha gigabaiti. Dalili zako hazifanani na hiyo, ila inafaa kujua.

Kama ni foleni ya mnara, una njia chache, na hakuna ya bure kabisa. Ya rahisi ni kujaribu mtandao mwingine: weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu, nunua bando la siku, kaa dirishani hapohapo saa mbili usiku, upime. Mtandao unaosifiwa mjini kati unaweza kuwa hoi kwenu, na kinyume chake. Jaribu kwenye simu kwanza kwa sababu ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa zikubali laini ya kampuni hiyo tu. Njia bora, kama mfuko unaruhusu, ni faiba, yaani intaneti ya waya. TTCL na kampuni nyingine zinaisambaza mijini, lakini mtaa mmoja unaweza kuwa nayo na unaofuata usiwe nayo, kwa hiyo uliza mahususi kwa mtaa wako kabla ya kutoa hata shilingi. Kama 5G inashika kwenu, ruta ya 5G nayo ni nafuu ya kweli, maana inatumia nafasi nyingine hewani. Hapo ndipo kununua ruta mpya kunaleta maana. Na kama huwezi lolote kati ya hayo sasa, shusha ubora wa video za watoto hadi 480, ambayo inataka kama megabiti 1 tu, na uweke nakala za picha na masasisho ya kompyuta yafanyike usiku wa manane. Kuna watakaokwambia uweke VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya kificho. Haiongezi foleni wala haiipunguzi, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kwamba wanaoitumia wajiandikishe. Kwa shida yako haina msaada.

Mpangaji wako? Anaweza kuwa anachangia uzito, lakini si yeye aliyekuibia. Kwenye ukurasa uleule wa ruta kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Majina yake mara nyingi hayaeleweki, kwa hiyo usiyasome, hesabu: zima Wi-Fi kwenye simu zote za kwenu na televisheni, uone vimebaki vingapi. Vikibaki saba na mpangaji ni mmoja, jibu unalo. Je, watu hao wanaweza kusoma WhatsApp yako au kuona PIN ya benki? Hapana. Mawasiliano hayo yamefungwa kwa usimbaji tangu kwenye simu yako mpaka mwisho wa safari, hata ruta yenyewe haiyaelewi. Wanachoweza ni kula bando lako, kuchezea vifaa vingine vya ndani kama televisheni au kamera, na wakijua paswedi ya msimamizi, kubadilisha mipangilio ya ruta. Jambo zito zaidi ni kwamba wanachofanya mtandaoni kinatoka kupitia laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Kikizuka cha kuzuka, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kwa hiyo badilisha paswedi ya Wi-Fi. Chagua usalama wa WPA2 au WPA3, zima kitu kinachoitwa WPS, na uweke paswedi ndefu ya maneno yasiyohusiana, mfano wa mtama-kengele-ndoo-kiatu. Usitumie namba yako ya simu wala jina la mtoto. Kama bado unataka kumsaidia mpangaji, ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Mpe huo, na baadhi zinakuruhusu kuuwekea kikomo cha kasi. Usipoteze muda kuficha jina la Wi-Fi. Anayetaka kuliona ataliona kwa programu ya bure, na wewe utabaki kusumbuka kila ukiunganisha kifaa kipya.

Sijasema ruta haiwezi kudukuliwa. Inaweza. Mwaka 2018 kirusi kilichoitwa VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta, katika nchi 54. Njia zinazotumika sana ni mbili: paswedi ya msimamizi iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, na programu ya ndani ya ruta isiyosasishwa miaka na miaka. Dalili zake ni nyingine kabisa: unaandika anwani ya benki unapelekwa kwingine, simu zote za nyumbani zinafunguka matangazo ya ajabu zikiwa kwenye Wi-Fi tu, au paswedi ya msimamizi inakataa na hakuna aliyeibadilisha. Ukiziona, dawa huhitaji kuinunua. Chukua pini, bonyeza kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde kama kumi, mpaka taa zizime na kuwaka upya, halafu badilisha paswedi zote mbili na usasishe programu yake. Kazi ya nusu saa. Hiyo ndiyo elfu themanini ya fundi wako.

Kuna mambo ambayo hayatatuliki kwa kusoma. Laini yako ikipoteza mtandao ghafla wakati za wenzako zinashika, usisubiri kesho: huenda mtu amebadilishiwa laini kwa jina lako. Nenda duka la kampuni ya simu siku hiyohiyo na kitambulisho cha NIDA, na uiarifu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama ulimsomea yule kijana namba nyingine yoyote, au alikuomba uweke programu ya kumwezesha kuona skrini yako, pita benki ana kwa ana na usifungue programu ya benki kwenye simu hiyo mpaka ikaguliwe. Kuhusu kasi, lalamika kwanza kwa kampuni ya simu na uchukue namba ya malalamiko. Wasipokusikiliza, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, na daftari lako la vipimo vya asubuhi na usiku litakusaidia kuliko kueleza kwa mdomo.

Fundi naye ana kazi yake. Kama RSRP yako ni mbovu hata dirishani na ruta ina matundu ya antena, antena ya nje kwenye mlingoti juu ya bati inaweza kukubadilishia maisha, na hiyo si kazi ya kupanda mwenyewe. Mwambie apime mbele yako kabla hajafunga, akuandikie. Akimaliza mpe malipo ya vifaa tu, na ya ufundi mkubaliane atayapata mkishapima tena saa mbili usiku.